Alfajiri Tano Ufukoni mwa Uvira

Mwishoni mwa Agosti 2019 nilitoka Bujumbura kwenda Uvira. Safari yenyewe si ndefu: mtu huvuka mto Ruzizi, hupita Gatumba, hugongewa muhuri Kavimvira, na mara yumo mjini. Nilikuwa nimealikwa na kijana mmoja, mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari. Aliniandikia maneno machache tu: “Njoo mwezi ukiwa gizani. Nitakuonyesha jinsi alfajiri tano zinavyofanywa kuwa moja.” Maneno hayo yalinishangaza, nikafunga mzigo wangu.

Uvira ni mji uliobanwa. Upande wa magharibi milima imesimama kama ukuta, na nyuma yake, huko Itombwe, vilele vyapita mita 3,000. Upande wa mashariki ni Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina cha mita 1,470. Duniani kote hakuna ziwa lenye kina kulishinda, isipokuwa Baikal la Urusi. Kati ya ukuta huo na maji hayo wamejipanga watu, maduka, makanisa na mashamba, kutoka Kavimvira hadi bandari ya Kalundu. Ng’ambo ya maji, kilomita zipatazo 25 kuelekea mashariki, taa za Bujumbura humeta usiku kucha.

Wageni wa zamani nao walifika hapa wakiwa na swali moja. Burton na Speke walifika Uvira tarehe 26 Aprili 1858, wakitaka kujua kama mto Ruzizi watoka ziwani au waingia. Wenyeji wakawaambia kwamba waingia, nao wakarudi na habari ya kusikia tu, bila kuuona mlango wa mto. Ubishi ukaendelea huko Ulaya miaka kumi na mitatu. Mwezi wa Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji, wakafika kwenye mlango wenyewe, wakaona kwa macho yao maji yakiingia ziwani. Kumbe wenyeji walikuwa wamesema kweli tangu awali. Naikumbusha habari hiyo kwa sababu jambo nililoliona Uvira lafanana nayo: ni habari ya kutaka kujua kweli, na ya kutoridhika na kuangalia mara moja.

WAVUVI NA GIZA

Jioni ya kwanza mwalimu alinipeleka ufukoni. Wavuvi walikuwa wakitengeneza nyavu na kufunga taa zao. Kila mtoto wa Uvira ajua kwamba ndagala huvuliwa kwa taa. Taa huning’inizwa juu ya maji, samaki wadogo hufuata mwanga, na wavu huinuliwa kutoka chini yao. Zamani zilikuwa taa za karabai zenye kuvuma. Siku hizi wengi hutumia balbu za betri. Lakini sharti ni lile lile la wazee: kuwe na giza. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wake hutapakaa juu ya ziwa lote, samaki hawana haja ya kukusanyika chini ya taa, na wavuvi hupumzika siku kadhaa.

“Mimi na wajomba zangu tuna kalenda moja,” mwalimu akasema. “Mwezi ukitoweka, wao hushuka majini, nami hutoa kamera.”

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za nyota. Hakuwa na darubini kubwa. Alikuwa na kamera moja iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, lenzi ndefu, miguu mitatu ya chuma, na mashine ndogo inayozungusha kamera polepole ili ifuate nyota zinavyokwenda. Betri alizichaji mchana kila umeme ulipopatikana. Kwanza alikuwa amekwenda kwa mkuu wa mtaa na kwa askari kueleza shughuli yake na kuomba ruhusa, maana mtu anayesimama ufukoni saa nane za usiku na chombo kirefu kama bomba aweza kudhaniwa mambo mengine. Jambo hilo vijana wasilipuuze.

Nyota alizozitaka zilikuwa zile za Jabari, ambazo Wazungu huziita Orion. Kila mtu azijua zile tatu zilizopangana kama mshipi. Chini ya mshipi huo pana nyota nyingine ndogo, kama upanga unaoning’inia. Na katikati ya upanga, mtu mwenye macho mazuri huona kitu kama ukungu. Ukungu huo ni wingu kubwa la hewa na vumbi ambalo ndani yake nyota mpya zinazaliwa. Wataalamu huliita Nebula ya Orion. Nuru yake husafiri miaka ipatayo 1,300 kabla ya kutufikia.

Mwishoni mwa Agosti Jabari huchomoza kama saa saba za usiku, naye huchomoza mashariki kabisa, yaani kutoka Uvira hutokea juu ya taa za Bujumbura. Ikifika saa nane na nusu huwa amepanda vya kutosha. Saa kumi na dakika arobaini alfajiri huanza kupauka. Basi kwa kila usiku kulikuwa na muda wa saa mbili na dakika chache tu.

KIKOMBE KIDOGO CHINI YA MVUA

Yafaa sasa nieleze kwa nini picha moja haikutosha.

Fikiri, msomaji, kwamba umepanga vikombe vidogo uwanjani wakati wa mvua. Ndani ya kamera mna chipu yenye vikombe vya namna hiyo kwa mamilioni, nao huitwa pikseli. Mvua yake ni nuru. Ukifungua lenzi kwa muda mfupi, vikombe hupokea matone machache. Ukiifungua kwa muda mrefu, hupokea mengi. Lakini kikombe kikijaa, tone linalofuata humwagika, nawe hutajua tena mvua ilinyesha kiasi gani mahali pale. Hapo picha huonyesha weupe mtupu.

Katika Nebula ya Orion, mahali pa katikati pana nyota nne angavu zilizokaribiana, na nuru ya hapo yapita mbali sana ile ya pembeni. Ukifungua lenzi sekunde tano, nyota nne hizo huonekana vizuri, lakini mabawa ya wingu hayaonekani kabisa. Ukiifungua dakika mbili, mabawa hutokea, lakini katikati huungua pakawa kama shimo jeupe. Hakuna muda mmoja unaofaa mahali pote. Mtu wa kwanza kulipiga picha wingu hilo, Henry Draper wa Marekani, aliifungua kamera yake dakika 51 usiku wa tarehe 30 Septemba 1880. Mwaka 1882 akaifungua dakika 137, akapata mengi zaidi. Lakini hata yeye alikuwa mtumwa wa kioo kimoja na muda mmoja.

Tatizo la pili ni chenga. Kila kamera, ikitumiwa gizani, hutia ndani ya picha vidoa vidogo visivyo na maana, kama zile chenga za televisheni isiyoshika mawimbi. Vidoa hivyo havikai mahali pamoja. Kila picha huwa na vyake. Nuru ya nyota, kwa upande wake, hurudi mahali pake kila mara. Basi ukipiga picha nyingi, ukazilinganisha nyota kwa nyota na kutafuta wastani, nyota hubaki na chenga hufifia. Hesabu yake ni hii: picha 4 hupunguza chenga kuwa nusu, picha 16, kuwa robo, picha 100, kuwa sehemu moja ya kumi. Kila utakapo kupunguza kwa nusu nyingine, sharti uongeze kazi mara nne. Ndiyo sababu usiku mmoja hautoshi, hasa usiku wenye saa mbili tu.

Ng’ambo ya bahari wataalamu wakubwa hufanya vivyo hivyo. Darubini ya Hubble, inayozunguka juu ya dunia, ilipiga picha 800 za kipande kidogo cha anga kati ya Septemba 2003 na Januari 2004. Muda wote wa kufungua, ukijumlishwa, ulikuwa siku 11 na zaidi. Mahali ambapo jicho huona giza tupu palitokea galaksi zipatazo 10,000. Na mwezi wa Juni 2025 kituo cha Rubin cha nchi ya Chile kilitoa picha ya mawingu mawili ya nyota yanayopita juu ya Uvira kila mwaka wakati wa kiangazi. Picha hiyo moja ilitengenezwa kwa picha 678. Basi mwalimu wetu na kamera yake ya mtumba alikuwa akifuata njia ile ile.

ALFAJIRI ZENYEWE

Tulianza Ijumaa tarehe 30 Agosti. Shida ya kwanza ilikuwa mashine ya kufuata nyota. Mhimili wake hauna budi kuelekezwa kwenye ncha ya mbingu, yaani mahali ambapo nyota zote zaonekana kuzungukia. Mtu wa Ulaya huitazama nyota ya kaskazini, akamaliza. Lakini Uvira iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa Ikweta. Nyota ya kaskazini imezama chini ya upeo wa macho, na ncha ya kusini imeinuka kwa kadiri ya vidole viwili tu vya mkono ulionyoshwa, ndani ya ukungu wa ziwa. Mwalimu alitumia dira, akapima usawa kwa uzi wenye jiwe, kisha akaitazama nyota moja kwenye kioo cha kamera, akisahihisha kidogo kidogo kila ilipokwenda kando. Kazi hiyo ilichukua karibu saa nzima, na ilirudiwa kila usiku.

Alipiga picha za namna tatu: za sekunde 5, za sekunde 30 na za sekunde 120. Asubuhi ya kwanza alipata 38 za dakika mbili. Ya pili, 40. Mbele yetu, karibu na nchi kavu, kulikuwa na mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja yenye taa kali, na wavuvi walikuwa wakiimba. Asubuhi ya tatu, Jumapili, upepo ulishuka kutoka milimani ukatikisa miguu ya kamera, tukahamia nyuma ya mtumbwi mkuukuu uliopinduliwa. Tukapata 14 tu, kisha mawingu yakafunika, nasi tukaondoka kengele ya misa ya kwanza ikilia. Asubuhi ya nne hatukupata hata moja, kwa sababu ya moshi wa majani yaliyochomwa mlimani. Asubuhi ya tano, Jumanne tarehe 3 Septemba, tulirudi nyuma ya mtumbwi ule, anga likawa safi, tukapata 40.

Kabla ya kufunga vyombo, mwalimu alifunika lenzi kwa kifuniko chake, akapiga picha za giza tupu kwa muda ule ule wa 5, 30 na 120. Kisha, kulipokucha, alitandika kitambaa cheupe mbele ya lenzi akapiga picha za weupe mtupu. Nilimwuliza faida yake. Akajibu kwamba picha za giza huonyesha makosa ya chipu yenyewe, na picha za weupe huonyesha vumbi na vivuli vya lenzi. Makosa hayo huondolewa kwa hesabu. “Tena kila siku ina picha zake za weupe,” akasema, “kwa sababu vumbi la leo silo la jana.”

USICHANGANYE KATIKA CHUNGU KIMOJA

Kazi ya mchana ilifanywa katika chumba kidogo, juu ya kompyuta ya mkononi, kwa programu iitwayo Siril, ambayo hutolewa bure.

Wanafunzi wengi wanaoanza hudhani kwamba picha zote hutupwa pamoja zikatafutiwa wastani. Hilo ni kosa. Picha ya sekunde 5 na picha ya sekunde 120 hazisemi lugha moja. Ukizichanganya hivi hivi, zile fupi huzipunguzia nguvu zile ndefu, na mahali palipoungua huendelea kuungua. Mwalimu alifuata taratibu hii. Kwanza, kila picha husafishwa kwa picha za giza na za weupe za siku yake. Pili, zote hulinganishwa mpaka nyota ya picha hii iketi juu ya nyota ile ile ya picha nyingine. Tatu, picha za muda mmoja, za siku zote, huwekwa katika fungu lao na kuunganishwa, siku yenye anga safi ikihesabiwa uzito kuliko siku ya ukungu. Hapo programu huangalia kila nukta: ikiwa picha 119 zasema giza na moja yasema mwanga, ile moja hukataliwa, maana huenda ni kimondo au satelaiti iliyopita.

Nne, mafungu matatu huunganishwa kuwa picha moja. Sekunde 120 ni mara 24 ya sekunde 5. Basi kila kipimo cha fungu fupi huzidishwa kwa 24, na cha sekunde 30 huzidishwa kwa 4, ili vyote viwe katika mizani moja. Mahali ambapo vikombe vya fungu refu havikujaa, hutumiwa hilo refu, kwa sababu lina chenga chache. Mahali vilipojaa, hutumiwa la sekunde 30. Na hilo likijaa, la sekunde 5. Mpaka kati yao hulainishwa, usionekane kama kiraka. Mwisho huondolewa ule wekundu wa taa za Bujumbura uliopanda kutoka chini ya picha.

Jumatatu, siku ya moshi, mwalimu aliunganisha zile alizokwisha kupata. Nilipoiona picha sikuweza kusema neno. Wingu lilikuwa kama ua jekundu lililofunguka, na katikati yake nyota nne zilikaa zimetengana, hakuna hata moja iliyoungua. Pembeni, upande wa chini, palikuwa na mkia mwembamba wa nuru uliopinda vizuri sana. Mwalimu aliupenda mkia huo kuliko yote.

NENO LA MZEE

Jioni hiyo mjomba wake alikuja. Ni mzee aliyevua samaki ziwani humo miaka arobaini. Alivaa miwani, akaiangalia picha kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

“Mwanangu,” akasema, “nyota hizi nazijua tangu sijaota ndevu. Nyakati za giza zimenionyesha njia ya nyumbani. Sijaona hata siku moja ua jekundu. Umelipaka rangi wewe.”

Mwalimu alikasirika, lakini mbele ya mjomba hakuonyesha. Alieleza habari ya vikombe na mvua, kwamba jicho halina uwezo wa kukusanya nuru kwa saa nzima, na kwamba gizani jicho huona rangi kidogo sana. Mzee alisikiliza kwa adabu, kisha akajibu: “Hayo ni ya kompyuta yako. Kwetu, kwenye baraza, neno la mtu mmoja halitoshi. Lete shahidi wa pili.”

Usiku mwalimu alinong’ona nami habari hiyo mpaka tulipoondoka kwenda ufukoni. Mwishowe akasema, “Mzee ana haki. Nitazigawa.”

Basi Jumanne jioni alizipanga picha katika mafungu mawili. Katika la kwanza alitia za Ijumaa na Jumamosi. Katika la pili, za Jumapili na Jumanne. Akaliunganisha kila fungu peke yake, bila moja kujua habari za mwenzake. Kisha akaziweka picha mbili kando kwa kando, akamwita mjomba, akampa kijiti aelekeze mwenyewe.

Mzee alianza katikati. Nyota nne hapa, nyota nne pale. Akaenda kwenye mabawa: mkunjo huu upo, na pale upo, doa hili jeusi lipo, na pale lipo. Rangi nyekundu ilikuwa pande zote mbili. Akaendelea hivyo kwa muda wa robo saa, na uso wake ukabadilika. Mwishowe akafika kwenye ule mkia mwembamba. Katika picha ya kwanza ulikuwepo. Katika picha ya pili haukuwepo.

Chumba kilinyamaza. Mwalimu alisogea, akatazama, akakaa chini.

Sababu yake tuliipata baadaye. Ijumaa na Jumamosi tulikuwa tumesimama wazi mbele ya wavuvi wale waliokuwa wakiimba, na lenzi haikuwa na kofia. Mwanga wa taa zao uliingia kwa pembeni, ukagonga vioo vya ndani, ukaacha alama. Na kwa kuwa mashine ilikuwa ikiizungusha kamera polepole, alama hiyo ilivutika ikawa mkia. Jumapili na Jumanne ule mtumbwi uliopinduliwa ulitukinga na taa hizo, wala hatukujua kwamba ulikuwa ukitukinga.

Nikauliza, “Mbona programu haikuukataa, kama inavyokataa vimondo?”

Mwalimu akajibu jambo ambalo sijalisahau. Programu hukataa kitu kinachotokea mara moja. Lakini kosa likirudiwa katika kila picha, hulihesabu kuwa kweli. Katika picha 78 za siku mbili zile, taa zilikuwa pale pale na kamera pale pale. Makosa yote yalikubaliana.

“Mashahidi sabini waliochungulia dirisha moja,” mzee akasema, “ni shahidi mmoja.”

Basi hiyo ndiyo faida ya pili ya kukusanya nuru katika siku mbalimbali, nayo ni kubwa kuliko ile ya kupunguza chenga. Usiku mwingine huja na upepo mwingine, mahali pengine, vumbi lingine. Kosa la Ijumaa halimfuati mtu mpaka Jumanne. Lakini nyota humfuata.

Mwalimu aliuondoa mkia ule. Katika pembe hiyo alitumia picha za Jumapili na Jumanne peke yake. Pembe ikawa na chenga zaidi kuliko sehemu nyingine, lakini ikawa ya kweli. Kati ya picha 132 za dakika mbili alitupa 12 zilizotikiswa na upepo au kuguswa na mawingu, zikabaki 120, yaani nuru ya saa nne kamili. Nyuma ya picha aliyoichapisha aliandika siku zote, muda wa kila fungu, idadi ya picha, na jambo alilolifanya pembeni. Mzee aliomba apewe moja, akaitundika ukutani kwake.

MAJI YALIPOKUJA

Habari ingekwisha hapo, kama si mafuriko. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020 mvua kubwa ilinyesha milimani, mto Mulongwe ukafurika, maji na mawe yakashuka mjini. Makumi ya watu walikufa, na maelfu ya jamaa wakabaki bila nyumba. Mwalimu na watu wa nyumbani mwake walipona, Mungu ashukuriwe. Lakini chumba kile kidogo kilijaa tope, na kompyuta na diski yenye picha zote za asili ziliharibika. Kwa mjomba wake, mahali pa juu zaidi, ilibaki picha moja tu ukutani. Mwaka wa 2021 ziwa nalo lilipanda likazamisha sehemu za ufuko, na mwaka wa 2024 likapanda tena.

Aliniandikia kwa uchungu. Huzuni yake haikuwa ya vyombo tu. “Sasa nina hukumu bila mashahidi,” alisema. “Mtu akiniuliza kama nililipaka rangi, nitamwonyesha nini?” Alikuwa ametunza picha zake mahali pamoja, na hilo alilijuta. Namwandika hapa kwa ruhusa yake ili wengine wajifunze: kazi ya siku nyingi itunzwe katika nyumba mbili.

Lakini Jabari hurudi. Mwishoni mwa Agosti 2022, mwezi ulipotoweka tena, mwalimu alitoka na kamera ya kuazima. Mirihi ilikuwa ikiwaka nyekundu karibu na Kilimia, na Jabari akachomoza mahali pake pa siku zote, juu ya taa za ng’ambo. Akapiga picha alfajiri nne, kwa muda ule ule wa 5, 30 na 120. Akaziunganisha bila kuitazama ile ya zamani. Kisha akaenda kwa mjomba, wakaishusha picha ukutani, wakaziweka mbili hizo juu ya meza, na mzee akachukua tena kijiti chake.

Kila mkunjo ulikuwepo. Mkia haukuwepo. Picha ya mwaka 2019, iliyopoteza mashahidi wake wote katika tope la Mulongwe, ilikuwa imepata mashahidi wapya.

Tangu hapo Uvira imepata mateso mengine. Mwezi wa Desemba 2025 vita viliingia mjini, na watu wengi walikimbilia Burundi, wakivuka mpaka ule ule nilioupita mimi kwa amani. Katika siku kama hizo maneno hupita upesi kuliko mitumbwi, na kila mtu huapa kwamba habari yake ni ya kweli kwa kuwa ameisikia kwa watu sabini. Mimi hukumbuka yule mzee na kijiti chake, nikauliza: sabini hao walichungulia madirisha mangapi?

Nanyi wanafunzi mlio kando ya ziwa, hamhitaji kamera kwa kuanza. Mwezi ukitoweka, tokeni na daftari. Chora nyota za Jabari usiku mmoja, ufunge daftari. Chora tena usiku wa pili bila kutazama mchoro wa kwanza, na tena usiku wa tatu. Kisha ziweke kurasa tatu pamoja. Nyota iliyopo katika zote tatu, itie wino.